Palipo na Kiungo

Mama yule alifika gerejini kwangu Jumapili asubuhi, kabla sijamaliza kufungua mlango wa mabati. Nilimpangusia kiti, hakukikalia.

"Fundi," aliniambia kwa Kikuria, "nani amemvunja mwanangu mkono?"

Nilimjua. Mwanawe huendesha Probox ya abiria kati ya Ntimaru na Kegonga. Alhamisi iliyotangulia, kwenye mteremko, boljointi inayoshikilia gurudumu la mbele kushoto ilichomoka. Gurudumu likajikunja chini ya gari kama mguu wa ndama aliyeteleza matopeni, gari likaishia mtaroni. Abiria walitoka na michubuko, dereva akatoka na mkono uliovunjika mahali pawili. Boljointi hiyo nilikuwa nimeifunga mimi, wiki tatu kabla.

Nilijibu jinsi fundi yeyote angejibu. "Mama, spea ilikuwa mbovu."

Alinitazama kitambo. "Spea ilijifunga yenyewe?" Kisha akageuka, akaenda zake.

Nimekuwa fundi hapa Ntimaru miaka 26, na mzee wa kanisa miaka 11. Jumamosi sifungui, wateja wangu wanajua kwamba gari likizima Ijumaa magharibi litalala hadi Jumapili. Katika shule ya Sabato nimeongoza somo la dhambi mara nyingi, na majibu nilikuwa nayo tele. Swali la mama yule sikuwa na jibu lake. Nataka kulijibu hapa kwa njia niijuayo, yaani kulifungua, kutandaza vipande, na kuangalia kila kimoja kilishikwa na nini.

Nilianza Jumatatu kwa simu. Niliyenunua spea ile kwake ni mwenye duka mjini Migori. "Mzee wangu," aliniambia, "mimi nauza boksi lililofungwa. Cha ndani nitakijuaje?" Yeye alinunua Nairobi, barabara ya Kirinyaga, ambako maduka ya spea yamebanana kama punje kwenye gunzi. Wa Nairobi alichukua kwa jumla kutoka kwa mwagizaji. Mwagizaji alipokea kontena bandarini Mombasa, na kontena lilipakiwa na kiwanda ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukitia machoni. Hapo njia ikaisha. Kila mmoja alisema si yeye, nami nilikuwa wa kwanza kusema hivyo. Cha kutisha ni kwamba kila mmoja alikuwa na chembe ya ukweli.

Nikaikumbuka bustani ya Edeni. Adamu alipoulizwa alimtaja mwanamke, tena akakumbusha kwamba mwanamke huyo alipewa na Mungu mwenyewe. Mwanamke akamtaja nyoka. Tunda lilishuka kwa mikono, na lawama ikapanda kwa njia ile ile hadi kwa Muumba. Nyoka hakuulizwa kitu. Angeulizwa, nadhani naye angemtaja mwagizaji.

Watu hudhani gari ni kitu kimoja chenye baba mmoja. Probox ina alama ya Toyota puani, basi imezaliwa na Toyota. Lakini tangu ilipoingia sokoni mwaka 2002, Probox huunganishwa na Daihatsu huko Kyoto. Injini yake ya 1NZ ndiyo iliyomo pia katika Vitz, Fielder, Ist, bB na Sienta za umri wake. Altaneta ukiipangusa vumbi huenda ukasoma Denso, kampuni iliyokuwa idara ndani ya Toyota hadi ilipotengwa mwaka 1949. Giaboksi na sehemu za breki ukikuta jina, huenda likawa Aisin. Sehemu kubwa ya gari inatoka kwa watu wengine, nao wana watu wengine nyuma yao.

Sisi mafundi wa vijijini tunakula kwa mpango huo. Ukiwa na spana za 10, 12, 14, 17 na 19 utaifungua Toyota karibu yote, kwa kuwa watu wasioonana walipatana juu ya ukubwa wa nati. Wahandisi huuita muundo wa moduli. Gari hugawanywa mafungu, kila fungu likapewa mpaka wake na mahali pa kukutania na jirani. Mradi mahali pale pasibadilike, fungu lenyewe laweza kutengenezwa na yeyote, popote. Ndiyo maana injini ya Fielder iliyogongwa Kisii hufufuka ndani ya Probox ya Ntimaru. Ndiyo maana pia boljointi ya mtu nisiyemjua iliingia mahali pake bila ubishi. Ilienea sawasawa. Tundu halikuiuliza inatoka wapi.

Jirani yangu, mwalimu wa somo la dini, alinisimulia habari za mfalme Milinda, ambaye wasomi wanamtambua kuwa Menander, Mgiriki aliyetawala kaskazini-magharibi mwa India zaidi ya miaka 2,100 iliyopita. Mtawa wa Kibudha aitwaye Nagasena alimhoji juu ya gari lake la kukokotwa. Ekseli ndiyo gari? Hapana. Magurudumu? Hapana. Ubao, nira, hatamu? Hapana. Basi gari liko wapi? Mtawa alitaka mfalme aone kwamba "gari" ni jina tu, limewekwa juu ya vipande vilivyokusanyika, na kwamba hata yeye Nagasena ni hivyo hivyo.

Mimi si mtawa, lakini nina turubai. Nimewahi kutandaza injini nzima juu yake, kila bolti kwenye kopo lake. Hakuna kilichokosekana, na injini haikuwepo. Nilipoifunga ikawepo, wala sikuwa nimeongeza kitu zaidi ya gasketi na oili. Nagasena alisema kweli kwamba gari si kipande chochote kati ya vipande vyake. Ila jina nalo halipandi mlima na abiria. Kinachopanda mlima ni jinsi vipande vilivyoshikana.

Kiswahili kiliona hivyo zamani. Mkono ni kiungo cha mwili, na mguu vilevile. Lakini kiwiko nacho ni kiungo, na goti pia, pale mfupa unapokutana na mfupa. Neno moja linabeba kipande na mahali kipande kinapomshika mwenzake, kana kwamba lugha inatukatalia kuvitenga. Jikoni kiungo ni bizari na kitunguu saumu, uwanjani ni yule mchezaji wa kati. Paulo alipowaandikia Wakorintho juu ya mwili mmoja, watafsiri wetu walitumia neno hilo hilo, viungo. Sura ile ya 12 nimeihubiri mara nyingi nikisifu tofauti za vipawa. Siku hizi naisoma kama fundi, na naona uzito wake uko kwenye maumivu. Katika mwili mzima, maumivu ya mmoja hayabaki kwake. Mwili wenye afya si ule usioumia. Ni ule ambao habari ya kuumia hupita kwenye viungo vyote bila kuzuiwa njiani.

Kuna wanaosema dawa ni kutomtegemea mtu. Kenya tulijaribu. Mwaka 1986 Rais Moi aliwaagiza wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kikenya, nao wakaunda magari matano yaliyoitwa Nyayo Pioneer. Nilikuwa kijana, nikaona fahari hata mimi nisiyekuwa na baiskeli. Yaliweza kufika kasi ya kilomita 120 kwa saa. Soko hayakulifikia, fedha za kuyazalisha hazikupatikana. Nikiangalia kama fundi naona na jambo jingine: gari lisilo na ndugu barabarani halina pa kuazima hata bushi. Hadi leo viwanda vya Thika, Mombasa na Nairobi huunganisha magari kwa vifaa vinavyofika kwenye makasha kutoka ng'ambo. Kumtegemea usiyemwona hatuna budi. Kilichobaki ni kujua tunamtegemea kwa namna gani.

Mwaka 1997, tarehe 1 Februari, Jumamosi kabla ya mapambazuko, moto uliteketeza kiwanda cha Aisin katika mji wa Kariya, Japani. Humo zilitengenezwa karibu vali zote za kusawazisha nguvu ya breki ambazo Toyota ilitumia nchini humo, kidude kinachotosha kiganjani. Toyota haina desturi ya kulimbikiza spea ghalani, kwa hiyo baada ya siku chache viwanda vyake vya Japani karibu vyote vilisimama. Kisha Aisin walitoa michoro yao nje. Makampuni yapatayo 200 yaliingia kazini, likiwemo Brother, watengenezaji wa cherehani ambao hawakuwa watu wa breki. Hawakuanza na bei wala mikataba. Baada ya wiki moja hivi kazi ilikuwa imerudi karibu kama zamani. Hapa kwetu nyumba ikiungua, watu hufika na miti na nyasi kabla mwenye nyumba hajamaliza kulia. Sikujua viwanda navyo vinaweza.

Ningeishia hapo ningekuwa nimewapamba watu. Desemba 2023, ndani ya familia hiyo hiyo, tume ya uchunguzi ilieleza kwamba Daihatsu, ambayo tangu 2016 ni mali ya Toyota yote kabisa, ilikuwa ikidanganya katika majaribio ya usalama. Kisa cha zamani zaidi kilikuwa cha mwaka 1989. Aina 64 za magari ziliguswa, nyingine zikiuzwa kwa majina ya makampuni mengine. Kwa muda Daihatsu ilisimamisha kupeleka magari yake yote, hata Probox. Tume ilitaja chanzo: ratiba za kuunda magari mapya zilibana mno, na waliokuwa chini walishindwa kusema hazitekelezeki.

Nchi ni ile ile, jina puani ni lile lile. Nimejiuliza tofauti iko wapi, na naiona hapa. Moto una moshi. Aisin walipoumia kila mtu aliona, wakaweza kusema "tumeungua" bila aibu. Mpimaji wa Daihatsu naye alikuwa na la kusema, "hatujamaliza, tupeni muda," akakosa pa kulipeleka. Akaandika kwamba gari limefaulu. Maumivu yaliyokosa njia kwenye kiungo yakageuka uongo, na uongo ukapakiwa ndani ya gari.

Hili nalijua kutoka nyumbani. Baba yangu alilima tumbaku ya mkataba, kama wengi hapa Kuria. Kampuni ilimpa mbegu, mbolea na dawa kwa mkopo. Yeye akalima, akakata kuni, akakesha kwenye bani akichochea moto. Siku ya kuuza, mtu mmoja aliyevaa koti alishika jani, akalinusa, akataja daraja, na daraja ndilo likawa bei. Hakukuwa na pa kusema hapana. Mkopo ulikatwa kwanza, na kilichosalia wakati mwingine hakikufika karo ya muhula mmoja.

Basi baba, mtu ambaye hakuwahi kuchukua hata yai la jirani, alijifunza kufunga robota lenye majani mazuri nje na mabovu katikati. Nilimshikia kamba. Nilikuwa na miaka tisa, nikadhani ndivyo marobota hufungwa. Alibatizwa baadaye, baada ya kung'oa tumbaku yote na kupanda mahindi, na siku ile alikiri mengi, ila robota hakulitaja. Nadhani machoni pake halikuwa dhambi yake, lilikuwa jibu. Mwenye koti alimwibia kwenye daraja, naye akarudisha katikati ya robota. Yule ambaye angevuta yale majani hakuwemo kwenye hesabu ya yeyote kati yao.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa boksi langu. Katika kiwanda nisichokijua kuna mtu aliyebanwa bei na mnunuzi, mnunuzi alibanwa na mwagizaji, mwagizaji na muuza jumla, na mwishoni dereva alinibana mimi: "Fundi, weka ya bei nafuu, wiki hii sijaingiza kitu." Kila kiungo kilisukuma maumivu yake kwa kinachofuata. Yalisafiri kilomita elfu nyingi yakatafuta pa kutokea. Yakatokea kwenye mkono wa kijana, mtaroni.

Lakini maelezo haya, hata yakiwa kweli, yana hatari yake. Ukiutazama mnyororo kwa muda mrefu, unaanza kuona kwamba kosa limegawanyika mafungu madogo madogo kama nyama ya ng'ombe aliyechinjwa, kila mtu na kipande chake, kipande chako kikiwa kama ukucha. Mimi nasema lawama haigawanywi kama nyama. Inafanana na dhamana ya mkopo katika chama. Tukiwa wadhamini watano na mkopaji akatoroka, mwenye fedha hatudai kila mmoja sehemu ya tano kisha akaondoka. Anaweza kumkamata yeyote kati yetu kwa deni lote.

Huko Resende, Brazili, Volkswagen ilifungua mwaka 1996 kiwanda cha malori kilichokaribia mawazo hayo. Wasambazaji saba walihamia ndani ya kiwanda, kila mmoja akafunga moduli yake kwa mikono ya watu wake. Volkswagen ikabaki na usanifu, ukaguzi na mauzo. Aliyefunga ekseli hakulipwa kwa kuwa ekseli imefungwa. Alilipwa lori zima likipita ukaguzi wa mwisho. Sijui kama kule walipendana. Ila mpango wenyewe unamkatalia mtu kusema, "Changu kilikuwa kizima."

Sasa nifike kwenye kipande ambacho nimekuwa nikikizunguka.

Siku niliyofunga boljointi ile, nilifungua boksi, nikaishika. Ilikuwa nyepesi. Boljointi nzuri ukiiweka kiganjani, kiganja kinashuka. Hii haikukishusha. Chuma chake hakikuwa na namba wala alama ya kiwanda, ingawa boksi lilikuwa limechapishwa vizuri kuliko Biblia yangu. Niliizungusha, mpira wake ukazunguka bila ukinzani. Mikono yangu ilijua. Mikono ya fundi wa miaka 26 haisubiri kuambiwa. Kisha nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, si kwa maneno, kwamba mwenye duka ameiamini, wa Nairobi ameiamini, mwagizaji ameiamini, mimi ni nani? Nikachukua spana.

Huo ndio ubaya wa mnyororo mrefu nilioujua siku hiyo. Hauniongopei. Unanipa ruhusa ya kutojua ninachokijua. Kila aliye mbele yangu amekwisha kuipokea spea, na kupokea kwao kunanifunika kama blanketi. Na imani, ambayo kanisani tunaifundisha kuwa ni kumtegemea usiyemwona, inageuka kisingizio cha kutotazama kilicho mkononi. Sidhani Mungu aliomba imani ya namna hiyo. Kumwamini usiyemwona kunanidai zaidi hapa ninapoona, kwa sababu hapa ndipo pekee ambapo kazi yake na kazi yangu zinagusana.

Kwa hiyo nimebadili mambo machache gerejini. Spea ya usukani, ya breki na ya magurudumu siifungi kabla mwenye gari hajaishika kwa mkono wake. Nikiikataa, naandika kwenye daftari sababu ya kuikataa, na ile niliyoifunga naiandikia jina langu. Mwenye duka wa Migori alikasirika niliporudisha boksi la kwanza. La tatu alilipokea kimya. La nne hakulituma. Alipiga simu kuniambia kwamba mzigo uliofika haumpendezi, nisubiri. Sikumbuki siku nyingine nilipofurahia kukosa spea.

Kwa mama yule nilikwenda Sabato iliyofuata, baada ya ibada, nikiwa na suti yangu. Alinikaribisha nje, chini ya mparachichi. Kijana alikuwa amekaa ukutani na mkono kwenye plasta. Nilikuwa nimepanga maneno tangu asubuhi, na maandiko mawili. Vyote vilinitoka.

"Mama," nilisema, "uliniuliza ni nani. Ni mimi."

Hakujibu. Alimtuma msichana alete chai.

Nikatoa mfukoni boljointi mbili zilizofungwa kwa gazeti, ile iliyochomoka na nyingine mpya ambayo ningeifunga Jumapili bila malipo. Nilitaka kumweleza kijana tofauti yake, lakini mama ndiye aliyenyoosha mikono. Nikamwekea moja kila kiganja. Alizipima hivyo, akipandisha na kushusha, jinsi anavyopima maharagwe ya mbegu sokoni. Katika maisha yake hakuwahi kushika spea ya gari. Mkono wake wa kushoto ulipanda.

"Hii ndiyo iliyomvunja," alisema.

"Ndiyo."

Aliitazama kidogo, akanirudishia.

"Hata mimi ningejua."